Karata Hazichezwi kwa Kasha

Mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na kituo cha mabasi akamtazama mcheza karata tatu anajua kwamba mtaji wa mtu yule si karata, bali ni maneno. Husema mfululizo ili macho ya watazamaji yafuate ulimi na kuuacha mkono. Naitaja hila hiyo ya zamani kwa sababu inafanana mno na biashara ya karata za ukumbusho, yaani zile zinazonunuliwa ziwekwe badala ya kuchezwa. Kasha lina nakshi za rangi ya dhahabu, lina namba, lina maneno "toleo la pekee", na mnunuzi hushauriwa asilifungue kamwe ili thamani isipungue. Bidhaa ambayo mwenyewe anakatazwa kuitazama yafaa itiliwe shaka.

Ndugu msomaji atauliza jambo hili linatuhusu nini. Linatuhusu, kwa kuwa Arusha ni mji wa wageni, na tangu Tanzania, Kenya na Uganda zilipopewa mwaka 2023 uenyeji wa AFCON ya 2027, kila mwenye mashine ya kuchapa anafikiria kitu cha kuwauzia wageni hao. Ofisi za umma nazo hununua zawadi, tena kwa fedha za wananchi.

Tuna mfano wetu wenyewe katika stempu. Mwaka 1967 Tanzania ilitoa stempu za samaki zilizochorwa na Rena Fennessy. Zilibandikwa kwenye barua, zikagongwa mihuri, zikafanya kazi yake. Na hadi leo wakusanyaji wanazipenda. Katika miaka ya 1990 zikatolewa stempu zenye jina la nchi yetu na sura ya mwimbaji Elvis Presley, zikiwalenga wakusanyaji wa ng'ambo. Mkulima wa Ngaramtoni hakuwa na haja nazo.

Karata nayo ni chombo kabla ya kuwa pambo. Ile ya kawaida ya poka ina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88, kipimo ambacho kiganja hukimudu. Alama yake huwekwa pembeni, ili aliyezitandaza mkononi kama upepo aone zote kwa mara moja. Sura za mfalme na malkia zina vichwa viwili ili isiwepo haja ya kuzigeuza, maana kugeuza ni kumjulisha mpinzani ulicho nacho. Karata nzuri ni tabaka mbili za karatasi zilizogandishwa kwa gundi nyeusi, mwanga usipenye.

Sasa chukua karata ya ukumbusho yenye picha ya Mlima Meru mgongoni. Moja ikigeuka, kilele kinaelekea chini, na mchezaji mjanja ameshapata alama ya kuitambulia. Tena mchoraji akiondoa kopa, uru, shupaza na pau akaweka twiga na ngao, vijana wa Olasiti wanaocheza huku wakisubiri abiria wa bodaboda wataduwaa kila zinapogawiwa. Majina hayo manne yalitoka kwa Wareno, nasi tumeyafanya yetu kwa karne kadhaa. Hata karata ya picha tuliibatiza "mzungu", na nadhani waliobatiza walikuwa wakicheka. Msanii anayetaka kumweka Mmasai mahali pa mzungu nitampongeza, ilimradi mfalme ajulikane kuwa mfalme kwa kutupiwa jicho moja tu.

(Wako walimu watakaokunja uso kwa kutajiwa karata, maana wamezipokonya madarasani. Wanayo haki, lakini hata wao wamezoea kuona kwamba iliyopokonywa huwa imechakaa kwa kuchezwa, haina kasha.)

Wauzaji hupenda kutoa mfano wa karata za kasino ya Jerry's Nugget ya Las Vegas, zilizochapwa mwaka 1970, zikauzwa kwa bei ya chini kabisa dukani mwao, kisha zikafika mamia ya dola pakiti moja. Wanachosahau kusema ni kwamba zilianza kusifiwa na mafundi wa mazingaombwe, watu waliozishika kila siku wakasifu namna zinavyoteleza vidoleni. Uhaba ulipandisha bei baadaye. Hakuna aliyezichapa akiahidi kwamba zingekuwa hazina.

Kwa hiyo napendekeza kwa maofisa wanaoagiza zawadi za namna hii: kabla ya kuidhinisha malipo, sampuli ipelekwe kijiweni Olasiti bila kasha lake. Wachezaji wachange, wakate, wagawe kwa wiki mbili, katika vumbi na jasho. Zikirudi zimepinda na kunata, mchapaji arejeshewe kazi yake. Wachezaji wakikataa kuzirudisha, mkataba utiwe sahihi.