Kuhukumiwa Bila Kusikilizwa: Watoto Ambao Ulemavu Wao Hauonekani



Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara yake ya 13, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa, na inakataza mtu kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha. Tumezoea kuyakumbusha maneno hayo tunapowatetea mahabusu waliosahaulika rumande, au wanakijiji walionyang'anywa mashamba. Leo tunapenda kuyakumbusha kwa ajili ya mtoto wa miaka saba ambaye amekataa kumwamkia babu yake "Shikamoo".

Huenda wasomaji wengine watatabasamu. Salamu ya mtoto na Katiba, wapi na wapi? Tunawaomba watuvumilie kidogo.

Kuna watoto ambao ulemavu wao huonekana kwa macho: mwenye magongo, mwenye fimbo nyeupe, mwenye kiti cha magurudumu. Hatusemi kwamba watoto hao wanatendewa haki. Ngazi za majengo yetu ya umma zinatosha kutukanusha. Lakini walau hakuna anayemwamuru mtoto mwenye magongo ayatupe akimbie kwa kuwa anajidekeza. Wako wengine ambao hawana alama yoyote. Mwenye usonji, mwenye kifafa kisichomwangusha chini, mwenye usikivu hafifu, mwenye selimundu: wote wana mikono miwili na miguu miwili, wamevaa sare kama wenzao, na sura zao ni nzuri kama za watoto wengine. Jicho lisipoona kasoro mwilini, jamii huhitimisha kwamba kasoro imo katika tabia. Na kwa kuwa tabia hufunzwa nyumbani, mshitakiwa wa pili hupatikana papo hapo, naye ni mama.

Baadhi yetu tunaoandika kurasa hizi ni wazazi wa watoto wa namna hiyo, na siku zao tunazifahamu toka alfajiri. Sare ya shule ina kitambaa kidogo chenye jina la kiwanda, kilichoshonwa ndani ya kola. Kwa mtoto mwingine ni kitu asichokihisi. Kwa huyu ni kama upupu, na hatavaa shati hilo mpaka kikatwe kwa wembe. Chai anainywa katika kikombe kimoja tu. Wali anaula mweupe. Mchuzi ukiugusa, sahani nzima imekwisha haribika kwake. Kisha daladala, yenye honi, muziki, na utingo anayegonga bati kwa kiganja. Mtoto anaziba masikio na kupiga mayowe, nao abiria wanatoa hukumu kwa pamoja: "Mchape huyo, mama, anakuchezea." Mama huyo amelala saa tatu, anajua kuwa kumchapa mtoto aliyezidiwa na kelele ni kumwongezea kelele, lakini hana nafasi ya kutoa mhadhara kati ya kituo na kituo. Anashuka, anamalizia njia kwa miguu, na anafika kazini akiwa amechelewa.

Jumapili alasiri wanakwenda ukweni. Hapo ndipo mahakama iliyo kubwa kuliko zote. Katika malezi yetu, mtoto asiyeamkia amevunja sheria ya kwanza ya utu. Mtoto mwenye usonji huenda asimtazame mkubwa usoni, na neno ambalo jana alilitamka mara ishirini, leo mbele ya watu kumi halitoki kabisa. Babu anangoja. Shangazi anaguna. Mtu anasema kwa sauti inayosikika, kwamba katika ukoo huu hakuna watoto wa hivyo, basi hili limetoka upande wa mama. Baba, kama ni mtu wa kweli, husema neno; wengi hutazama chini.

Tusidhani lawama hiyo ni ujinga wa kijijini. Wasomi wakubwa waliitoa pia. Daktari Leo Kanner alipoieleza hali ya usonji huko Marekani mwaka 1943, yeye na wengine waliomfuata walianza kuandika juu ya wazazi wasio na joto la mapenzi. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alichapisha kitabu kilichosambaa sana, akifundisha kwamba mtoto hujifungia nafsini mwake kwa sababu ya ubaridi wa mama. Akina mama wengi waliishi na shutuma hiyo. Ilikanushwa na uchunguzi: Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa mzazi, aliipinga katika kitabu chake cha mwaka 1964, na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha nchini Uingereza, wakaonyesha kwamba asili ya hali hii kwa kiasi kikubwa imo katika urithi wa mwili. Shangazi anayeguna ukweni na profesa aliyeandika vitabu walitoa hukumu moja, na wote hawakuwa wamemsikiliza mshitakiwa.

Selimundu, ambayo wengi huiita siko seli, ina aibu yake ya pekee isiyosemwa hadharani. Ugonjwa huu huziharibu figo taratibu hata zishindwe kuukoleza mkojo. Kwa hiyo mtoto hukojoa mara kwa mara, na wengi huendelea kukojoa kitandani katika umri ambao ndugu zao wameacha zamani. Wakati huohuo anatakiwa kunywa maji mengi, maana upungufu wa maji, baridi na uchovu ni mambo yanayoamsha maumivu makali ya mifupa. Basi fikiri siku ya mtoto huyo. Godoro linaanikwa uani, na watoto wa jirani wanaliona. Shuleni anaomba ruhusa kwenda chooni mara ya tatu, ananyimwa kwa kuwa "anatoroka somo". Siku ya baridi anakataa kumwagilia bustani, anaitwa mvivu. Juma linalofuata anakosa shule siku nne kwa maumivu, na akirudi anaulizwa sababu akiwa amesimama mstarini mbele ya shule nzima.

Kifafa nacho kinajulikana kwa kuanguka na kutoka povu. Lakini kiko kifafa cha kuduwaa: mtoto hukatika fikra kwa sekunde chache tu, macho wazi, kisha huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Huweza kumjia mara nyingi kwa siku moja. Mwalimu anamwuliza swali katikati ya upungufu huo, yeye hakulisikia, na darasa linacheka. Anaambiwa anaota mchana. Naye mwenye usikivu hafifu, ambaye mara nyingi sikio lake lilitoa usaha miaka mingi bila kutibiwa, huitwa mkaidi. Mradi aketi nyuma, atakuwa mkaidi mpaka amalize shule.

Sasa tuje kwenye fimbo. Tanzania Bara ingali inaruhusu viboko shuleni, kwa kanuni zilizotungwa mwaka 1979 na kutolewa upya mwaka 2002. Wengi wanaoishika fimbo hawajawahi kuzisoma kanuni hizo. Zinasema adhabu ya viboko ni kwa makosa makubwa. Itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Isizidi viboko vinne. Iandikwe katika kitabu maalumu. Na kipimo chake kizingatie umri, jinsia na afya ya mwanafunzi. Tunaomba msomaji alisome tena neno la mwisho. Afya ya mwanafunzi! Atazingatiaje afya mtu ambaye hakuuliza? Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatamka kwamba hakuna adhabu ya kumrekebisha mtoto iliyo halali ikiwa haiendani na umri wake na hali yake ya mwili na akili, wala ikiwa mtoto hawezi kuelewa kusudi la adhabu hiyo. Mtoto aliyechapwa kwa kutojibu swali ambalo hakulisikia, ataelewa kusudi gani?

Sisi tungependa fimbo iondoke shuleni kabisa, kama jirani zetu wa Kenya walivyoipiga marufuku mwaka 2001 na kuithibitisha marufuku hiyo katika Katiba yao ya mwaka 2010, ingawa sheria peke yake haikuiondoa mikononi mwa kila mwalimu. Lakini hata kabla ya siku hiyo, sheria zilizopo zingetiiwa, watoto tunaowazungumzia wasingechapwa.

Hapa tutajibiwa kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Kweli. Lakini mvuvi huangalia kwanza ni samaki au ni fupa. Tutajibiwa pia kwamba mwalimu ana watoto themanini, wengine wameketi sakafuni, na mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Anawezaje kumjua kila mmoja? Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Mwalimu naye ni mtu anayedhulumiwa. Hata hivyo yale tunayoyaomba hayahitaji bajeti: kumhamishia mtoto dawati la mbele, kumruhusu atoke kwenda chooni bila kuinua mkono, kumwacha awe na chupa ya maji, kurudia swali mara moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unahesabu kunyimwa marekebisho mepesi ya namna hiyo kuwa ni ubaguzi.

Liko jambo gumu zaidi. Mara kwa mara tunaambiwa: kosa ni la wazazi, wanaficha; kwa nini mama hakumweleza mwalimu? Tunaomba anayeuliza hivyo ajiweke mahali pa mama huyo. Akisema, "Mwanangu ana kifafa," habari itafika chumba cha walimu kabla ya mapumziko, na sokoni kabla ya jioni. Mtoto atapewa dawati la peke yake na sahani ya peke yake, maana wako wanaoamini hata leo kwamba povu la mgonjwa huambukiza, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Wazazi wengine watadai aondolewe. Dada yake mkubwa, akifika umri wa kuchumbiwa, ataulizwa habari za ukoo. Asiposema, mtoto atachapwa kwa kuduwaa, na siku atakayoanguka kwelikweli hapatakuwa na mtu anayejua kwamba anapaswa kulazwa ubavu, asitiwe kitu mdomoni, aondolewe karibu na moto, na asikimbiwe. Huyu mama anachagua kati ya aibu na fimbo, kila mwaka mwanawe anapobadilishiwa mwalimu. Kumwita mficha maradhi ni kumhukumu mara ya pili.

Kwa hiyo tunakataa kuutwika mzigo huu mabegani mwa mama. Wajibu wa kuuliza ni wa mwenye mamlaka, na wajibu wa kuifanya siri iwe salama ni wake pia. Mwalimu mkuu anayetaka kuambiwa ukweli aoneshe kwanza kwamba ukweli ukifika kwake haufiki sokoni.

Wala hatuwezi kuinyoshea shule kidole tukaunyamazia mlango wa kanisa. Mtoto anapiga kelele wakati wa mahubiri, mlezi wa nidhamu anamwashiria mama atoke nje. Juma la pili anatoka mwenyewe kabla ya kuashiriwa. Juma la nne haji. Mwingine anaachwa katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza miaka mitatu mfululizo kwa kuwa hakariri sala, ingawa kila mtu anaona jinsi anavyotulia mbele ya tabernakulo. Mnamo Novemba 2014 Papa Fransisko aliwapokea mjini Roma watu wenye usonji pamoja na jamaa zao, akawakumbatia watoto mmoja mmoja. Kigango hakihitaji kwenda Roma ili kumwachia mama huyo benchi la pembeni karibu na mlango, na kumwambia mlezi wa nidhamu amwache.

Tunawaomba wajumbe wa kamati za shule, ambao wengi wao ni wanajumuiya wenzetu, waombe katika kikao kijacho kuonyeshwa kile kitabu cha adhabu kinachotajwa na kanuni. Kama hakipo, waulize kwa nini viboko vinatolewa. Kama kipo, wayasome majina taratibu. Wakiona jina moja limejirudia mara tano au sita kwa makosa yaleyale, kutojibu, kusinzia, kutoka bila ruhusa, kukosa shule, basi jina hilo lisipelekwe tena ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Mzazi aitwe, aketishwe kwenye kiti, aulizwe habari za mtoto wake mlango ukiwa umefungwa. Kisha mtoto apelekwe zahanati kutazamwa masikio, na aandikiwe barua ya kwenda hospitali kupimwa damu ya selimundu. Nauli ya safari hiyo jumuiya inaweza kuichanga, kama inavyochanga kwa ajili ya msiba.