Sauti Yako, Mkasi wa Nani?

Mwezi huu tunaongelea sauti, hizi za kwenye simu zinazovunja nyumba za watu.

Shosti wangu mmoja wa Kilwa Masoko alimtumia wifi yake ujumbe wa sauti: "Simtaki akirudi amelewa." Mume kikamfikia kipande tu: "Simtaki." Jamaa akaanza kutaja talaka. Kilichomwokoa dada wa watu ni adhana. Kwenye ujumbe mzima, uliokuwa bado kwenye simu yake, mwadhini anasikika kwa nyuma mpaka mwisho. Kwenye kipande anakatika katikati ya neno. Mume aliposikiliza vyote viwili, akanywea.

Sasa jamani, wataalamu wana kitu kinaitwa alama ya maji ya kidijitali. Chukua noti ya 10,000, iinue kwenye mwanga, utaona sura ya Mwalimu Nyerere imejificha ndani ya karatasi. Kwenye sauti ni hivyohivyo. Wakati wa kurekodi, kifaa kinaibadilisha sauti kidogo mno, sikio halisikii, ila programu yenye ufunguo wake inaisoma alama. Mtu akikata sekunde mbili au akipachika neno, alama inavunjika palepale alipogusa. Tamu, eh? Lakini lazima iwekwe mapema, na simu zetu za kawaida haziweki. Isitoshe, ile ya kuvunjika haraka huvunjika hata sauti ikibanwa tu ili itumwe kirahisi, bila mbaya wako kuhusika.

Watu wa Lindi tunakumbuka mwaka 2019, mazungumzo ya simu ya wanasiasa yaliposambaa mitandaoni, akiwemo Nape Nnauye, mbunge wa Mtama wakati huo. Septemba mwaka huohuo Nape alikwenda Ikulu kumwomba radhi Rais Magufuli, akasamehewa. Pale mashine ya nini? Kazi ipo pale mwenye sauti anapokana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama iangalie ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haukuchezewa. Kwa hiyo, shosti, usifute ujumbe wako mzima eti kwa hasira, na ukibadili simu uhamishe kwanza.

Na wewe fundi wa kukata maneno ya wenzio, Sheria ya Makosa ya Mtandao, nayo ya 2015, inasema kughushi data ni kosa. Hata ukiwa wifi mtu.