Dada, Usiniulize Ladha Ipi



Swali linalozunguka siku hizi saluni, kwenye singo na ndani ya mikoba ya harusini ni hili: ipi nzuri, ya embe au ya tikitimaji? Ya zabibu au ile ya barafu? Linaulizwa kwa sauti ileile tunayoulizia udi na rangi ya hina. Kinachoulizwa ni vepu, ile sigara ya umeme ya kutupa, yenye rangi za peremende, inayokaa kwenye pochi kama rangi ya mdomo.

Jibu langu ni moja na sitalizungusha: hakuna iliyo nzuri. Embe halina kosa. Lakini anayekupangia ladha kumi uchague moja ameshakurusha swali la kwanza, nalo ni hili: unataka nikotini? Hilo hukuulizwa. Umeulizwa embe au zabibu, ukajiona umechagua.

Tuseme kilichomo. Ndani kuna kimiminika cha propilini glaikoli na gliserini, nikotini, na kemikali za ladha. Betri inapasha moto, kinatoka kile kiwingu. Si mvuke wa maji kama wa birika la chai. Nikotini kwa asili yake ni kali, inakwaruza koo, na mtu asiyezoea angekohoa akaitupa. Kwa hiyo wenye viwanda hutia asidi kidogo ili iwe laini, wakatia kemikali ya ubaridi ili koo lisisikie mkwaruzo, kisha wakafunika kwa utamu wa tunda. Hiyo "barafu" mnayoisifia haina barafu. Kazi yake ni kulinyamazisha koo lako, na koo ndiye mlinzi uliyepewa na Mola wako.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Sheria ya Ulaya inaweka mwisho wa miligramu 20 za nikotini kwa mililita moja, na chombo kisizidi mililita 2. Hapo ni miligramu 40. Sigara moja ya kawaida humwingizia mvutaji kama miligramu 1 hadi 2. Basi hata hiyo ndogo ya Ulaya imebeba nikotini ya kulinganishwa na pakiti nzima. Ukikuta iliyoandikwa asilimia 5 na mililita 10, ni kama miligramu 500. Hata kama si yote inayoingia mwilini, shoga yangu, hicho si kitu cha kuonjeshana harusini. Na sigara ina mwisho: ikiisha unaizima. Hii haikwambii basi. Unavuta jikoni, unavuta kitandani, mpaka kidole kinaitafuta kabla hujafungua macho.

Wenye biashara wanajua ladha ni chambo, na serikali zinajua pia. Marekani ilipiga marufuku sigara za ladha ya matunda na peremende mwaka 2009, ikabakisha mentholi, kwa sababu zilikuwa zinavuta watoto. Mwaka 2020 ikabana ladha kwenye vepu za kubadilisha katriji, lakini ikaziacha za kutupa. Soko likahamia huko huko kwenye za kutupa.

China ndiyo inayoshangaza zaidi. Vepu nyingi za dunia hutengenezwa mji wa Shenzhen. Tangu Oktoba 2022, China imekataza kuwauzia watu wake vepu za ladha ya matunda; kwao inaruhusiwa ya tumbaku tu. Za embe na stroberi zinaruhusiwa kutengenezwa kwa ajili ya kusafirishwa nje. Mpishi amewakataza wanawe chungu hicho, kisha anampakulia jirani. Na jirani mwenyewe ni sisi, tunaoletewa kwenye masanduku ya Dubai na kuambiwa ni zawadi.

Nakuja kwenye majibu ninayoyasikia.

"Ni ladha za chakula tu, zinaliwa." Kuliwa ni kitu kimoja, kuvutwa ni kingine. Tumbo lina kazi ya kusaga na ini la kuchuja, pafu halina. Mwaka 2000 huko Missouri, Marekani, wafanyakazi wa zamani wa kiwanda cha bisi waligundulika kuwa na ugonjwa mbaya wa mapafu usiorudi nyuma. Uchunguzi ukaelekeza kwenye diasetili, kemikali inayotia ladha ya siagi. Kwenye chakula ilihesabiwa salama. Wao waliivuta hewani. Sisemi kila vepu inayo, na Uingereza imeikataza kwenye vimiminika vya vepu. Nasema "inaliwa" si ushahidi. Hata pilipili inaliwa, hebu ivute.

"Ni bora kuliko sigara." Kwa aliyevuta sigara miaka ishirini na anataka kuziacha, madaktari wa Uingereza wanasema hivyo, na sibishani nao. Lakini wewe, binti wa miaka kumi na tisa ambaye hujawahi kushika sigara, unalinganisha na nini? Cha kulinganisha kwako ni hewa safi ya bahari, uliyopewa bure.

"Hakuna aya iliyotaja vepu." Kweli. Wala haikutaja sumu ya panya. Sura ya Al-Baqara imetukataza kujitupa kwenye maangamizo kwa mikono yetu, na fiqhi imesimama juu ya msingi kwamba hakuna kujidhuru wala kumdhuru mwenzio. Juu ya sigara, wapo maulamaa waliosema makruhu, na wengi wa zama zetu wamesema haramu. Sijamsikia aliyesema ni sunna. Na wewe unayeificha chini ya buibui mchana wa Ramadhani ukisema ni matunda tu, jua kwamba maulamaa wengi wanahesabu moshi unaovutwa kwa makusudi kuwa unafunguza, na kiwingu hiki kina chembechembe zake kama moshi.

Kwa walioolewa na wanaonyonyesha niseme wazi. Nikotini inapita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni, na inaingia kwenye maziwa. Mama anayekaa arubaini yake akijituliza kwa ladha ya zabibu, yule mchanga naye anapata fungu lake, tena bila ladha. Na kimiminika kile kikimwagika mkononi mwa mtoto anayetambaa ni sumu, na kinanukia kama pipi.

Lakini sitawapiga mabinti peke yao nikawaacha wengine. Mjomba anavuta sigara barazani, watu wanapita wanamwamkia. Binti akikutwa na vepu chumbani, mtaa mzima unatikisika. Wafanyabiashara wameuona unafiki huu kabla yetu wakaufanyia kazi: wakatengeneza kitu kisichonuka moshi, kinachofichika kwenye pochi, chenye rangi za kike. Aibu yetu ndiyo soko lao. Mama anayekagua mkoba wa mwanawe lakini hamwambii mumewe atoe sigara sebuleni anafanya nusu ya kazi.

Na ikiisha inakwenda wapi? Ndani mna betri ya lithiamu. Kisiwa chetu kiliitangulia Bara kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Leo tunaingiza betri za kutupa. Betri hizo zikichomwa na taka nyuma ya nyumba zinaweza kuripuka. Uingereza imezikataza za kutupa tangu Juni 2025, Ubelgiji tangu Januari mwaka huo huo. Kinachokataliwa huko hutafuta pa kwenda. Qur'ani imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Sijui tuwaite nini wanaonunua uraibu, wakautupa, wakanunua tena.

Basi tufanye nini? Anayekuletea zawadi hii, mrudishie kwa adabu na umwambie sababu. Mwenye duka anayeziweka karibu na biskuti za watoto wa skuli, mwambieni mkiwa watatu wanne, na asiposikia hamisheni fedha zenu duka la pili. Ukimkuta nayo mwanao, usianze na mkwaju wala kumtangaza kwa mashangazi. Kaa naye, muulize tangu lini na mara ngapi kwa siku, kwa sababu huyo ameshikwa, na aliyeshikwa anavutwa kwa mkono wa huruma. Na wewe uliyekwisha zoea, siku za mwanzo za kuacha zitakuwa na hasira na kichwa kuuma. Hiyo ni nikotini inadai, si ladha. Hakuna mtu aliyewahi kutetemeka mikono kwa kukosa embe.

Ukitaka embe, msimu ukifika sokoni yamejaa. Kata, tia chumvi na pilipili, ule na wanao.

Wabillahi tawfiq.