Robert Johnson Hakuuza Roho, Wacheni

Kila nikiweka kipande cha Robert Johnson, lazima msee mmoja aulize, "Si huyu ndiye aliuza roho kwa shetani kwenye njia panda?" Hapana. Na hiyo stori imenichosha.

Stori yenyewe mnaijua. Mississippi, mwanzo wa miaka ya 1930, kijana anapiga gitaa vibaya mpaka watu wanalalamika. Anapotea. Akirudi, anawapiga chenga wote, hata Son House, mzee wa kazi ambaye tayari alikuwa amerekodi santuri mwaka wa 1930. Basi watu wakasema ameenda njia panda usiku wa manane, shetani akamkazia nyuzi za gitaa, biashara ikaisha.

Kwanza, hiyo ya njia panda ilikuwa ya mtu mwingine. Ilisimuliwa kuhusu Tommy Johnson, na ndugu yake LeDell ndiye aliyeisimulia. Tommy na Robert hawakuwa hata wa familia moja. Majina yakafanana, stori ikahama.

Pili, tunajua Robert alienda wapi. Alirudi upande wa Hazlehurst, alikozaliwa, akampata mpiga gitaa anaitwa Ike Zimmerman. Alikaa kwake akifundishwa. Usiku walikuwa wanaenda kufanya mazoezi makaburini, kwa sababu kule kuna kimya na hakuna mtu wa kusumbua. Makaburini. Usiku. Sasa unaona vile stori za shetani huanza.

Halafu msidhani hiyo gitaa ni rahisi. Unachukua shingo ya chupa, au kisu, au kipande cha bomba, unaiteleza juu ya nyuzi. Hubonyezi waya mpaka chini. Unaigusa tu, tena pale pale juu ya kile kichuma cha shingoni. Ukipita kidogo sauti inapotoka, ukibaki nyuma inapotoka pia. Kidole kingine nyuma kinatuliza waya usipige kelele ovyo. Wakati huo huo kidole gumba cha mkono wa pili kinapiga besi, na wewe unaimba. Ukiipata, gitaa inalia kama mtu, kwa sababu inapita kwenye zile sauti za katikati ambazo piano haina. Keith Richards wa Rolling Stones aliposikia Robert mara ya kwanza alitaka kujua huyo mwingine anayepiga naye ni nani. Hakukuwa na mwingine. Sasa niambie hiyo inakuja kwa usiku mmoja.

Na jamaa alikuwa anasikiliza santuri kama vile sisi tunasikiliza simu. Kokomo Arnold, mpiga slaidi mmoja mkali sana, alirekodi wimbo kuhusu Kokomo mwaka wa 1934. Ukiusikiliza halafu uende kwa Sweet Home Chicago ya Robert, utajua imetoka wapi. 32-20 Blues nayo imejengwa juu ya wimbo wa Skip James wa 1931. Hiyo si uchawi. Ni mtu amekaa chini akachambua kazi ya wenzake mpaka akaijua.

Ndio, ana wimbo unaitwa Me and the Devil Blues, msije mkasema nimeuficha. Lakini Cross Road Blues, ule ambao kila mtu anautaja kama ushahidi, hauna shetani ndani yake. Uko na mtu aliyepiga magoti akimwomba Mungu, anajaribu kusimamisha gari na hakuna anayesimama, na jua linazama. Mtu mweusi, peke yake barabarani, Mississippi ya wakati ule, giza likiingia: huyo hakuhitaji shetani ndio aogope. Kwangu hapo ndipo stori ya njia panda inaudhi zaidi. Inachukua hofu ya kweli, yenye sababu na wenyewe, inaigeuza filamu ya kutisha.

Halafu kuna hii tabia yetu. Kenya mtu akiomoka ghafla, ni illuminati. Msanii akipata gari, ameingia mahali. Si mpya, maana mwaka wa 1994 Rais Moi aliunda tume nzima kuchunguza ibada za shetani nchini. Tukisikia ati kuna mtu aliuza roho Mississippi, tunameza bila maji, kwa sababu tumezoea kutoamini kwamba mtu kama sisi anaweza kujua kitu kwa kukifanyia kazi.

Robert aliingia studio mara mbili tu, San Antonio Novemba 1936 na Dallas Juni 1937. Nyimbo 29. Akafa Agosti 1938 akiwa na miaka 27, na albamu iliyomfikisha kwa kina Richards ilitoka 1961. Baadhi ya zile nyimbo tuko nazo kwa rekodi mbili. Wikendi hii tafuta zile mbili za Cross Road Blues, weka spika za masikio, zisikilize zikifuatana. Uone vile mtu alijua kila kidole kinaenda wapi kabla hata mashine haijawashwa. Ukimaliza, mkumbuke Ike Zimmerman kidogo. Shetani amepewa sifa zake zote, na yeye hakuacha hata santuri moja.