Mchezo wa Watu Wawili au Basi
Studio ya Hazelight ya Sweden ilipotoa mchezo wa video Split Fiction Machi 2025, haikuacha nafasi ya kuucheza peke yako. Ni wawili au basi. Mmoja akiununua, rafiki yake aliye mji mwingine huingia bure kwa intaneti, na uamuzi huo naupongeza kwa moyo wote. Kuna kipande, katika jiji la wakati ujao, ambapo mmoja anaendesha pikipiki kwa kasi ya kutisha huku mwenzake, aliyepakiwa nyuma, akipambana na simu ili pikipiki isijilipue. Dereva hawezi kumsaidia abiria, wala abiria kushika usukani. Unasikia tu kwenye hedifoni: “Tulia ndugu yangu, namalizia!” Michezo ya kupigana risasi na marafiki tunayo tele, ya kutegemeana namna hii bado ni michache mno.