Ukienda China kununua, kula kwanza

Kuna swali ambalo kila anayesafiri kwenda China huulizwa kabla hata hajapata viza: "Utaniletea nini?" Mimi nililisikia kwa mwezi mzima mwaka 2019, nilipoamua kumfuata wifi yangu, mwenye duka la nguo Kariakoo, kwenda kuchukua mzigo Guangzhou. Yeye alikuwa anakwenda kwa mara ya saba. Mimi ilikuwa mara ya kwanza.

Nilinunua daftari la kurasa arobaini na nane, nikaandika. Shemeji alitaka saa. Shangazi alitaka mashuka mazito, pea mbili, "usiniletee yale yanayochuja." Mama mkwe alitaka chupa za chai. Ukoo mzima ulitaka viatu vya watoto. Nilipofika ukurasa wa nne nikahesabu waliotoa hela: mmoja, mdogo wangu, shilingi elfu hamsini. Wengine wote walisema, "Tutamalizana ukirudi."

Sasa nikuambie siri ambayo wakati ule niliijua mimi na mume wangu tu. Ndani ya fedha nilizobeba ilikuwamo ada ya watoto ya Januari. Tulikubaliana niizungushe: ninunue magauni ya watoto Oktoba, niyauze kabla ya Krismasi, ada irudi mahali pake. Kwenye karatasi hesabu ilikaa vizuri sana.

Guangzhou ni jiji la biashara kusini mwa China, na Oktoba tuliyofika ilikuwa msimu wa maonyesho makubwa ya bidhaa yanayofanyika hapo mara mbili kwa mwaka, hivyo hoteli zilikuwa zimepanda bei. Tulifikia mtaa wa Xiaobei, ambako wafanyabiashara wengi wa Afrika hufikia. Jioni ukipita pale unasikia Kiswahili nyuma yako, unageuka, unakuta mtu wa Mwanza anabishana na mtu wa Mombasa kuhusu bei ya kusafirisha mzigo. Kutoka hapo ni kituo kimoja tu kwa treni ya chini ya ardhi hadi stesheni kuu ya reli, na karibu na stesheni ndiko yaliko masoko ya jumla ya nguo, viatu na saa. Usifikirie soko la wazi. Ni majengo ya ghorofa, kila ghorofa vyumba vidogo vimepangana kama masanduku ya posta, na kila chumba kina mtu na kikokotoo chake. Yeye anabonyeza namba, wewe unafuta, unabonyeza yako, yeye anashika kichwa, mnaendelea.

Somo la kwanza wifi alinipa siku hiyo hiyo. Nilishika gauni nikasema, "Hili mwenzake lipo chumba cha pili kwa nusu ya bei." Akanivutia pembeni. "Wifi, hayo si mapacha. Geuza ndani uangalie mshono. Hawa watu hawakuuzii kibovu kwa bahati mbaya, wanakuuliza unataka cha bei gani. Wanaoagiza vibovu ni sisi."

Somo la pili sikulitaka kulisikia. Kila asubuhi wifi alikwenda kula kabla ya kugusa soko. Kwa kuwa yeye ni Mwislamu, alikuwa na mgahawa wake wa tambi za nyama ya ng'ombe, ile migahawa ya Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa China, yenye maandishi ya Kiarabu juu ya mlango. Kijana anavuta donge la unga mbele yako, analikunja, analivuta tena, mpaka linakuwa nyuzi ndefu zinazotupwa kwenye supu ya moto. Bakuli lilikuwa kubwa, kwa yuan kumi na tano hivi, na wakati ule yuan moja ilikuwa shilingi mia tatu na kitu. Siku moja mwenye kiwanda anayemuuzia alitualika kunywa chai, na wifi alijua mambo yote: ukimiminiwa chai unagonga meza taratibu kwa vidole viwili kushukuru, ukitaka birika lijazwe unaacha kifuniko kikae upande. Akauliza kila sahani ina nyama gani kabla haijagusa mdomo. Alikula kama mtu aliye nyumbani kwake.

Mimi nilifanya hesabu nyingine. Bakuli moja ni karibu shilingi elfu tano. Mara tatu kwa siku, kwa siku tisa! Nikanunua tambi za kumwagia maji ya moto, nikawa nakula chumbani kwenye birika la hoteli. Wifi alinitazama, akasema neno moja tu: "Njaa haijui kupatana bei."

Siku ya nne nilikuwa nimeamka na tambi hata sikuzimaliza. Nikaenda peke yangu kwenye jengo la viatu kumaliza ukurasa wa ndugu. Nikakuta viatu vya watoto vya ngozi, vizuri, mshono umenyooka. Muuzaji, mama wa rika langu, alikuwa anaongea na simu, kikokotoo kiko mbali. Nikamwonyesha kiatu, akaninyooshea dole gumba na kidole cha shahada, vingine amekunja. Vidole viwili, nikajua ishirini. Yuan ishirini kwa kiatu kama kile! Sikuuliza mara mbili. Nikachagua dazeni nzima, namba zote, akafunga kwenye mfuko mkubwa. Kisha akabonyeza kikokotoo: 960.

Nikasema hapana, 240. Naye akasema hapana. Nikapandisha sauti, naye akapandisha. Nikamwonyesha vidole vyangu viwili, akatikisa kichwa, akanyoosha tena dole gumba na cha shahada na kubonyeza 8. Ndipo nikaelewa. Wachina huhesabu hadi kumi kwa mkono mmoja, na alama ile ni nane. Alikuwa ameniambia themanini tangu mwanzo. Tofauti ilikuwa yuan 720, zaidi ya shilingi laki mbili. Nilikaa juu ya boksi la viatu kwa sababu miguu ilikataa. Fedha iliyobaki kwenye pochi niliijua jina lake: ilikuwa ada.

Yule mama alinitazama, hasira ikamtoka. Akaniuliza, "Chi fan le ma?" Maneno hayo wifi alikuwa amenifundisha. Maana yake ni "umekula?" lakini ni salamu tu, kama sisi tunavyosema habari za asubuhi, na jibu ni kwamba umekula. Mimi siku hiyo nilitikisa kichwa. Sijala.

Hakujibu kitu. Nyuma ya rafu kulikuwa na sufuria ya umeme ya wali. Akapakua bakuli mbili, akafungua kopo la mayai yaliyokaangwa na nyanya, na jingine la mboga za majani zenye kitunguu saumu. Akanipa kijiko, nadhani alikwishaona mikono inatetemeka, vijiti ningevipeleka wapi. Msomaji wangu, mayai na nyanya! Nimetoka Dar es Salaam mpaka kusini mwa China, nikapewa kile kile ninachowapikia wanangu nisipokuwa na hela ya nyama. Nilikula bila kusema.

Tuliposhiba, akatoa simu inayotafsiri. Akaongea, simu ikatamka Kiingereza cha kuchekesha lakini cha kueleweka. Viatu dazeni ni vya duka? Nikasema ni vya watoto wa ndugu. Wamelipa? Nikacheka kidogo, nikasema watalipa. Naye akacheka, kicheko cha mtu anayeijua hadithi. Alitoka mkoa wa Hunan, mwanawe wa miaka tisa anaishi kijijini na bibi yake, anamwona wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina. Kila akienda hubeba viatu vya kijiji kizima. "Wanasema mimi nakaa kwenye viatu," simu ikatafsiri, "kwa hiyo viatu kwangu ni bure."

Usidhani chakula kile kilishusha bei. Themanini ilibaki themanini, na kwa ubora ule ilikuwa halali yake. Nilichofanya ni kurudisha pea tisa kwenye rafu, moja baada ya nyingine, na kununua tatu za wanangu. Hakununa. Alinisaidia kuzipanga.

Jioni nilimwambia wifi. Hakunicheka. Alinipeleka kula tambi, akalipa yeye, kisha tukafungua daftari na kuweka alama kwa mtu mmoja tu aliyetoa fedha. Huyo alipata mzigo wake wote. Fedha yangu ikaenda kwenye magauni, na kabla ya Krismasi yalikuwa yamekwisha. Ada ililipwa Januari.

Nyumbani haikuwa rahisi. Shangazi alifungua begi langu mwenyewe, akatafuta mashuka mpaka chini. Alisema nimekwenda China nikajinunulia mimi. Mama mkwe hakusema kitu, na kimya chake kilikuwa kizito zaidi. Mume wangu ndiye aliyesimama akawaeleza habari ya ada mbele ya wote. Sikupenda siri ile itoke, lakini ilipotoka, watu wawili walikuja kwa wakati wao kuniomba radhi. Shangazi bado hajaja.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda, maagizo yapokee, lakini hela iambatane na jina. Asiye na hela mwambie ukweli kabla hujapanda ndege, siyo baada ya kufungua begi. Usiamini vidole, dai kikokotoo. Geuza nguo ndani. Bajeti ya chakula iandike ya kwanza kwenye daftari, juu ya saa ya shemeji. Na wewe unayebaki nyumbani na kuuliza "utaniletea nini?", hebu mara moja muulize msafiri wako kile alichoniuliza yule mama wa Hunan.