Permi ya Kununua na Permi ya Kujifunza



Juma lililopita mzazi mmoja alitujia jioni, akaketi, akatueleza shauri lake. Mwana wake wa kiume ana umri wa miaka 23. Kwa muda wa miaka minne amekuwa boi-shofere, yaani msaidizi wa shofere wa lori. Hujaza mipira upepo, hufunga mizigo kwa kamba, huweka jiwe nyuma ya gurudumu mlimani, na usiku hulala chini ya lori ili mali ya watu isiibwe. Sasa ataka kuwa shofere mwenyewe. Baba yake ameweka akiba kidogo kidogo kwa kuuza mbuzi na ndizi.

«Kuna mtu mjini,» akatuambia, «aliyeniahidi kumpatia mwanangu permi ya malori kwa siku nane, bila masomo wala mtihani. Shule ya ushofere yataka miezi, na fedha zaidi. Mwanangu amezoea lori tangu zamani. Je, kuna ubaya gani?»

Hatukumjibu upesi, kwa maana twajua kwamba swali lake ni swali la jamaa nyingi. Basi leo twalijibu mbele yenu nyote.

Kwanza tuulizane: permi ni kitu gani? Wengi huiona kama tiketi ya kupita kizuizini. Mwenye nayo hupita, asiye nayo hutoa fedha. Lakini sivyo. Permi ni ushuhuda. Karatasi ile yasema: «Mtu huyu amejaribiwa mbele ya watu wanaojua, akaonekana kwamba anaweza.» Nchi yetu ina sheria yake ya barabara, iliyotolewa tarehe 30 Agosti 1978. Tena kuna Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani, ambao mataifa mengi wameukubali. Mkataba huo wadai kwamba kila shofere awe na maarifa na ustadi wa kuendesha gari lake. Nao umegawanya permi kwa herufi. B ni ya motokaa ndogo. C ni ya magari ya mizigo yenye uzito unaoruhusiwa wa zaidi ya kilo 3,500. D ni ya magari ya abiria wengi. E ni ya wanaovuta trela nzito.

Kwa nini herufi hizo zote? Kwa sababu lori si motokaa iliyonenepa. Ni chombo kingine kabisa.

Ninyi wanafunzi, shikeni kalamu. Lori likienda kilometa 60 kwa saa, lapita mita ngapi katika sekunde moja? Gawanyeni mita 60,000 kwa sekunde 3,600: mtapata karibu mita 17. Sasa mtoto aruka barabarani kufuata mpira wake. Shofere amwona, anyanyua mguu, akanyaga breki. Ikiwa sekunde moja imepita katika kufanya hayo, lori limekwisha kwenda mita 17 kabla breki haijaanza hata kushika. Tena, mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kuzuiwa haizidi mara mbili tu, bali mara nne. Boi-shofere aweza kupanda lori miaka kumi bila kuambiwa jambo hili. Mwalimu humwambia siku za mwanzo, kisha humfanya alione kwa macho yake.

Hali kadhalika na breki zenyewe. Katika malori makubwa, breki hufanya kazi kwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya mitungi. Hewa hiyo yahitaji kitambo kidogo ili ifike katika magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo shofere aliyefundishwa hutazama kipimo cha hewa kabla ya kuondoka, husikiliza kama kuna mahali inapovuja, naye huacha nafasi kubwa kati yake na gari lililo mbele.

Wasomaji wetu wa Kivu wanaujua mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola. Hapo ndipo shofere hujulikana. Asiyefundishwa hukanyaga breki tangu juu mpaka chini. Breki husuguana, hupata moto, na zikizidi kupata moto hupoteza nguvu, hata mguu hukanyaga bure. Wengine hufanya vibaya zaidi. Huitoa gia ili lori lijiendee lenyewe na mafuta yasitumike, wakifikiri kwamba wamepata faida. Aliyefundishwa huingiza gia ndogo angali juu, kabla ya kuanza kushuka, ili injini yenyewe ilizuie lori, na breki atazitumia kwa kiasi. Hushuka polepole, wenzake wakamcheka. Lakini hufika.

Tumeona malori mengi yameandikwa mbele kwa rangi nzuri: «Mungu ni Mlinzi.» Maneno hayo ni ya kweli. Lakini hayafanyi kazi ya breki, wala hayamwondolei shofere wajibu wa kuzitazama asubuhi.

Mzazi yule alitusikiliza, kisha akasema kama wasemavyo watu: «Ajali haina kinga.»

Twaiheshimu methali hiyo, kwa kuwa yamfariji aliyepatwa. Lakini isiwe mto wa kulalia. Ziko ajali nyingi ambazo kinga yake ilikuwapo, ila haikutumiwa. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, katika uwanda wa Ruzizi, lori la mafuta lilipinduka. Watu walilikaribia, wengine wakichota petroli iliyomwagika. Moto ukawaka, na zaidi ya watu 230 wakafa, watoto wengi wakiwa kati yao. Na tarehe 6 Oktoba 2018, huko Mbuba, katika Kongo ya Kati, lori la mafuta liligongana na gari jingine, moto ukaua watu wapatao 50 au zaidi.

Hatusemi habari hizi ili tuwahukumu mashofere wa siku zile. Twazisema kwa sababu zatufundisha mzigo ni kitu gani. Mafuta yaliyo ndani ya tangi hucheza kama maji katika mtungi unaobebwa kichwani. Lori likiingia konani kwa kasi, mafuta hukimbilia upande mmoja na kulivuta lipinduke. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hauonekani, na cheche moja yatosha kuuwasha. Shofere aliyejifunza kazi hii huzima injini, huwafukuza watu mbali, hukataza sigara na taa ya moto, hata watu wakimtukana kwamba awanyima mafuta ya bure. Nasi tulio kando ya barabara tumtii, tuwaite watoto wetu warudi nyumbani.

Sasa twafika kwenye neno ambalo mzazi yule hakuwa amelifikiri.

Mwenye lori mara nyingi ni mtu mwenye haraka. Atasema: «Ongeza magunia mengine ishirini.» Atasema: «Wapandishe abiria juu ya mizigo, watoe nauli.» Atasema: «Usilale, soko ni kesho.» Je, nani atamkatalia? Shofere aliyejifunza na kufaulu mtihani aweza kusema: «Bwana, sitaweza. Lori hili halikufanywa kwa uzito huo.» Akifukuzwa, ana permi ya kweli na kazi ya mikono yake, atapata lori jingine. Lakini aliyenunua permi hana ulimi wa kukataa. Bwana wake ajua siri yake, au aihisi. Polisi wa kizuizini aweza kuihisi pia. Kijana huyo ataogopa kila anayeshika karatasi yake na kuitazama mara mbili. Ataambiwa «twende» naye atakwenda, hata usingizi ukimjaa machoni. Baba yake alidhani amemnunulia uhuru, kumbe amemnunulia bwana.

Na siku ya msiba, mtu akifa chini ya magurudumu, karatasi ile ya uongo haitamtetea. Itamshitaki. Kule mjini, yule aliyeiuza hataonekana tena.

Labda mtu atasema kwamba twaidharau kazi ya boi-shofere. La, hata kidogo. Kijana yule ajua mambo ambayo mwanafunzi mwenye viatu safi hayajui: kufunga mzigo usiteleze, kubadili mpira penye matope, kusikia kwa sikio kwamba injini inaumwa. Hayo ni nusu ya kazi, naye ameyalipia kwa jasho. Lakini nusu ya pili bado: alama za barabara, sheria ya kupisha, sababu za kila jambo, na kuendesha kwenyewe chini ya jicho la mwalimu. Nusu mbili zikikutana, ndipo shofere kamili huzaliwa.

Tena barabara za leo zafika mbali. Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Kwetu Kongo, na vilevile Rwanda na Burundi, magari hupita upande wa kuume. Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia hupita upande wa kushoto. Shofere avukaye Kasumbalesa kwenda Zambia lazima abadili upande wake, macho yake na mazoea yake yote kwa dakika chache. Na nchi zenye malori mengi hazikulegeza masharti. Marekani, tangu tarehe 7 Februari 2022, anayeanza hapokelewi katika mtihani wa kuendesha malori makubwa bila kupitia kwanza mafundisho yaliyowekwa na serikali. Katika Umoja wa Ulaya, shofere wa lori akiendesha saa nne na nusu, sheria yamlazimu kupumzika dakika 45.

Mzazi yule akakaa kimya. Halafu akauliza neno la busara: «Nitaijuaje shule iliyo njema?»

Tukamjibu hivi. Nenda mwenyewe, usitume mtu. Uliza kama wanafunzi huendesha lori la kweli, lenye mzigo, au motokaa ndogo tu. Uliza kama hufundishwa kupanda na kushuka mlima, kurudi nyuma kwa vioo, na kupinda kona na trela, kwa maana magurudumu ya nyuma hukata kona na kuwafikia waliosimama kando. Uliza kama huonyeshwa breki na mipira kwa mikono yao, si ubaoni tu. Uliza ni nani anayewatahini. Na wakikuambia kwamba mwanao atafaulu kwa vyovyote, chukua kofia yako uende zako.

Alisimama, akatushukuru, akasema kwamba fedha zake hazitoshi bado, na kwamba mwanawe atakasirika kungoja. Ni kweli: kungoja kwauma kijana. Nasi hatuna dawa ya kufupisha miezi hiyo. Twasema tu kwamba mbuzi mmoja zaidi na mavuno mawili ya ndizi si bei kubwa, ukiyalinganisha na mtoto wa mtu mwingine anayekimbia nyuma ya mpira wake.

Nawe kijana, endelea kufunga mizigo vizuri. Siku utakaposhika usukani, ushike kwa haki yako.